Sikukuu za Mwezi Mpevu

Mtu aliyekulia Kurasini, ambako maji ya bahari huingia ndani ya bandari na kutoka mbele ya macho ya wavuvi na wachukuzi, hahitaji kufundishwa kwamba mwezi una hukumu juu ya mambo ya wanadamu. Kwani ukitimia kumi na tano, bamvua hujaa hadi kwenye mikoko, na ukiandama, umma mzima hujua kama kesho ni saumu au ni Idi. Kwa hiyo habari nitakayoieleza haitakuwa ngeni kabisa kwa watu wa pwani, ijapokuwa wengi wetu hatujapata kuisikia: katika jiji hili hili la Dar es Salaam wamo watu ambao siku zao tukufu, karibu zote, huangukia mwezi mpevu, nao ni Wabuddha.

Hekalu lao limo mjini. Asili yake ni Wasinhala, wenyeji wa kisiwa cha Sri Lanka, ambacho zamani kikiitwa Ceylon, waliovuka bahari kuja kufanya kazi huku zama za Waingereza, wakaona si vema kuishi ugenini bila mahali pa ibada. Uani mwa hekalu umesimama mti wa Bodhi, wa jamii ya mkuyu, ambao mche wake ulitoka Anuradhapura katika kisiwa chao. Mti huu hauheshimiwi kwa sababu ya kivuli chake tu. Wabuddha husimulia kwamba Buddha alipata nuru ya maarifa akiwa ameketi chini ya mti wa namna hiyo huko Bodh Gaya, Bara Hindi, na kwamba katika karne ya tatu kabla ya Kristo binti wa mfalme Ashoka, mtawa aliyeitwa Sanghamitta, alilipeleka tawi lake Sri Lanka, likapandwa Anuradhapura. Mwezi mpevu wa Desemba huadhimishwa kwa kumbukumbu ya safari hiyo, kama ule wa Juni unavyoadhimishwa kwa ajili ya nduguye, Mahinda, aliyetangulia kuifikisha dini kisiwani.

Lakini sikukuu iliyo kuu kupita zote ni Vesak, ambayo aghalabu huangukia mwezi wa Mei. Wabuddha wa madhehebu ya Theravada, ambayo ndiyo ya Wasinhala, huamini kwamba Buddha alizaliwa Lumbini, akapata nuru Bodh Gaya na akafariki Kusinagara, kila tukio kwa mwaka wake, lakini yote matatu katika mwezi mpevu ule ule. Huko Sri Lanka nyumba hupambwa kwa taa za karatasi, na kando ya njia hujengwa vibanda ambamo mpita njia yeyote, awe wa dini yoyote, hukaribishwa chakula na kinywaji bila malipo. Maduka ya pombe hufungwa, na nyama haiuzwi. Siku hii ilikuwa imeondolewa katika mapumziko ya serikali wakati wa ukoloni, ikarudishwa mwaka 1885 baada ya Wabuddha kudai haki yao, na mwaka huo huo bendera yao ya rangi tano ikapandishwa kwa mara ya kwanza. Mwaka 1999 Umoja wa Mataifa nao uliitambua rasmi.

Naomba msomaji asidhani kwamba taa ndizo sikukuu. Kiini chake ni kujizuia na kutoa, na katika hayo mawili naiona heshima yake yote. Mwumini mcha Mungu kwetu hujipamba kwa Idi. Mbuddha mwenye kuishika siku hii sawasawa huvaa nguo nyeupe zisizo na mapambo, akaenda hekaluni asubuhi na maua, na kuahidi mbele ya watawa kwamba kwa siku nzima hataua chochote chenye uhai, hataiba, atajitenga na mambo ya unyumba, hatasema uongo, hatakunywa kileo, hatakula baada ya adhuhuri, hatatazama ngoma wala kujitia manukato, na hatalala juu ya kitanda cha anasa. Muislamu katika Ramadhani hufunga mchana akala usiku. Huyu hula asubuhi, kisha akafunga tangu jua linapopinduka hadi alfajiri ya pili. Saa zilizobaki hupita katika kusikiliza mawaidha na kukaa kimya akiichunga nafsi yake.

Ahadi hizo si za Vesak peke yake, kwani kila mwezi mpevu wa mwaka, ambao Wasinhala huuita Poya, ni siku ya mapumziko nchini mwao. Mwaka 1966 serikali yao ilithubutu hata kuiacha Jumapili na kuipanga wiki nzima ya kazi kwa kufuata hali za mwezi. Lakini biashara na mataifa mengine ilitatizika, na miaka michache baadaye mpango ukafutwa. Hesabu yao inatofautiana na ya Kiislamu kwa jambo moja: mara kwa mara huongezwa mwezi wa ziada ili mwaka usiachane na majira, na ndiyo sababu Vesak haizunguki kaskazi na kusi kama izungukavyo Ramadhani.

Majira hayo yana athari nyingine iliyo karibu zaidi na sisi. Tangu mwezi mpevu wa Julai, unaokumbusha hotuba ya kwanza ya Buddha huko Sarnath, watawa hukaa mahali pamoja kwa miezi mitatu bila kusafiri, kwa kuwa huo ni msimu wa mvua Bara Hindi, na katika zama za kale kutembea mashambani kulikuwa kukanyaga miche na wadudu. Mvua hiyo inaletwa na kusi, upepo ule ule uliokuwa ukiyarudisha majahazi kutoka pwani yetu. Ila huku kwetu miezi hiyo ni ya ukavu, na mtawa anayekaa Dar es Salaam huishika itikafu ya mvua ilhali vumbi linatimka barabarani. Ikimalizika, waumini huwaletea watawa kitambaa cha joho katika sherehe iitwayo Kathina. Sherehe hiyo sasa inafanyika pia karibu na Entebbe, katika kituo alichokianzisha mwaka 2005 mtawa Buddharakkhita, Mganda wa kuzaliwa, ambako wanaotoa kitambaa na wanaokipokea wamo pia Waafrika.