Subaru ya turbo iliyokula kilomita: Bei ni mwanzo tu wa hesabu

Anayetafuta Impreza WRX STI ya mwaka 2004 jijini Nairobi anagombania gari ambalo haliwezi kuagizwa tena. Kanuni za shirika la viwango, KEBS, haziruhusu gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza kuingia Kenya. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018, nayo Tanzania hupokea magari makuukuu zaidi lakini huyatoza ushuru wa ziada. Kwa Kenya, maana yake ni kwamba Impreza za turbo za kizazi hicho ni zile zile zilizokwisha kufika, na kila ajali inazipunguza.

Wateja nao hawajapungua. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akafanya hivyo mwaka 2000. Waliokuwa watoto wakisubiri vumbi lile barabarani sasa ni watu wenye mishahara na hamu ya gari la mradi, yaani lile linalonunuliwa likiwa limechoka ili lijengwe upya polepole. Mwaka 2022, Subaru ilitangaza kwamba haitatoa WRX STI mpya ya injini ya petroli kwenye umbo jipya la WRX. Ndiyo maana magari haya hushikilia bei hata yakiwa na kilomita 200,000.

Madalali hupanga bei kwa herufi za nambari ya usajili kwanza, kisha mileji. Vigezo vyote viwili vinaweza kumpotosha mnunuzi. Herufi husema gari lilisajiliwa lini Kenya, si lilivyotunzwa. Mileji hurudishwa nyuma, na kilomita 90,000 kwenye dashibodi ya gari la miaka 20 zinahitaji ushahidi. Ushahidi huo upo: karatasi ya mnada wa Japani na cheti cha kusafirishia gari nje, ambavyo hulinganishwa na nambari ya chesi. Pedali zilizolika, usukani unaong'aa na kiti kilichobonyea husema mengine.

Thamani halisi imo ndani ya injini. Injini ya EJ, ambayo Subaru iliianzisha mwaka 1989, ina pistoni zilizolala kulia na kushoto. Mpangilio huo huteremsha chini zaidi kitovu cha uzito wa gari na kulifanya litulie kwenye kona, lakini hupandisha gharama ya ufundi: gasketi za silinda zikiharibika, kwa kawaida injini yote hutolewa. Mkanda wa taiming hubadilishwa kila baada ya takriban kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni. Mafuta yakipungua, beringi za chini huweza kuanza kugonga, na mlio huo ukisikika, kinachofuata ni kufungua injini nzima.

Kuna pia suala la petroli. STI za soko la Japani ziliundwa kwa petroli yenye oktani ya karibu 100, juu ya ile inayouzwa kwenye vituo vyetu vingi. Mwenye gari aliyeongeza presha ya turbo bila kurekebisha kompyuta ya injini ameichosha mapema, hata kama kilomita ni chache. Kwa hiyo gari la kilomita 180,000 ambalo halijaguswa, lenye risiti za sevisi, mara nyingi ni bora kuliko la 110,000 lililopita mikononi mwa vijana watatu wa mashindano ya usiku.

Kabla ya kutoa pesa, lipia fundi asiyemjua muuzaji. Apime mgandamizo wa kila silinda injini ikiwa na joto, aangalie viputo kwenye tangi la maji ya kupozea, na achunguze chesi kama iliwahi kunyooshwa. Muuzaji anayekataa vipimo hivyo amekwisha kukujibu.

Biashara inayonufaika zaidi ni ya spea. Kirinyaga Road, eneo ambalo wengi huliita Grogan, huuza kila kitu kuanzia turbo hadi injini nzima iliyotolewa kwenye gari la Japani. Injini hiyo ni suluhisho la haraka, lakini nayo ni mtumba usiojulikana historia yake, na dhamana ya muuzaji kwa kawaida ni ya siku chache. Nambari yake mpya lazima iingizwe pia kwenye rekodi za mamlaka ya usafiri, NTSA, la sivyo siku ya kuuza utakwama.

Pesa za kununulia nazo ni ngumu kupata. Benki hazipendi kukopesha kwa magari ya umri huu, na kampuni nyingi za bima husita kuyapa bima kamili, kwa hiyo wengi hulipa taslimu na kubaki na bima ya mtu wa tatu. Hakikisha gari halijasajiliwa kwa pamoja na mkopeshaji aliyelishika kama dhamana.

Hesabu iwe hivi. Mwenye shilingi 1,200,000 asinunue gari la 1,200,000. Atafute la 800,000 na abakize 400,000 za mkanda, gasketi, klachi, matairi na yale yatakayojitokeza. Akikosa hata senti ya kubakiza, anunue Impreza isiyo na turbo. Kwa kuwa magari haya hayaongezeki, aliyechagua vizuri ana nafasi ya kuuza bila hasara kubwa. Aliyefuata rangi na mlio wa ekzosi atakuwa ameilipia gereji. Asiye na fedha ya injini ya pili asinunue ya kwanza.