Chatu Aliyetapika Dola

Mwanamume mtanashati anamwopoa msichana jijini Kinshasa. Msichana anamfuata. Wakishabaki wawili peke yao, mwanamume anageuka chatu, anammeza yule msichana mzima mzima, halafu anatapika noti za dola.

Hadithi hiyo ilitoka mwaka 1990, kwa Kilingala, katika kijarida chembamba cha katuni kilichochapwa kwenye karatasi ya bei ya chini. Mchoraji wake alijiita Papa Mfumu'eto 1er. Hiyo namba mwishoni mwa jina si kosa la uchapaji: alijitawaza mwenyewe kuwa wa kwanza, kama wafalme wanavyohesabiwa. Jina lake halisi ni Jaspe-Saphir Nkou-Ntoula, na alizaliwa mwaka 1963 Matadi, mji wa bandari ulio kwenye mto Kongo.

Kinachoifanya hadithi hii igande kichwani si kumezwa. Bibi zetu walitusimulia mengi ya kumezwa. Zimwi humeza, nyoka humeza, na aghalabu mwishoni tumbo hupasuliwa, watu wakatoka wazima, ng'ombe wakatoka, kijiji kikashangilia. Hapa kinachotoka tumboni ni fedha, tena fedha ya kigeni. Binti wa watu ameingia, dola zimetoka. Mchoraji anaiweka hesabu hiyo mbele ya macho ya msomaji bila kuipamba, mchoro baada ya mchoro, na msomaji wa Kinshasa hakuwa na haja ya kufafanuliwa. Alikwisha kusikia mtaani kwamba tajiri fulani anafuga nyoka chumbani, na kwamba nyoka huyo halishwi nyama ya buchani.

Minong'ono ya namna hiyo haikuishia Kinshasa. Lubumbashi, wachoraji wa mitaani walimchora mamba muntu, nusu mwanamke nusu samaki, anayempa mtu utajiri kwa masharti ya siri, na picha hizo zilitundikwa sebuleni kwa watu wa kawaida. Malawi nayo ina Napolo, nyoka anayesemwa kuteremka milimani na maji, akibeba nyumba na wenyewe. Mafuriko yaliyoipiga Zomba mwaka 1946 bado yanatajwa kwa jina lake. Mkongomani aliyekimbia vita na Mmalawi aliyempokea wangeweza kuketi na kuelewana mapema sana juu ya mambo ya nyoka.

Lakini chatu wa Papa Mfumu'eto alikuwa na mwaka wake. Tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu Sese Seko, aliyekuwa ametawala Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, tangu 1965, alitangaza kwamba enzi ya chama kimoja imekwisha. Midomo ikaanza kufunguka. Wapo waliomsoma yule mwanamume anayekula wasichana na kutoa dola, wakamwona Mobutu waziwazi, hata bila jina lake kuandikwa. Mwaka uliofuata, mchezo wa upatu ulioitwa Bindo Promotion, uliokuwa umewaahidi watu wa Kinshasa faida kubwa kwa muda mfupi, uliporomoka na akiba zao. Septemba 1991 askari wasiolipwa ipasavyo waliingia mitaani kupora, na wananchi wakajiunga nao. Januari 1993 wakapora tena, safari hii wakiwa wamelipwa kwa noti mpya ya zaire milioni tano ambayo wafanyabiashara waliikataa. Katika nchi ambayo noti inazaliwa asubuhi na kukataliwa jioni, picha ya mnyama anayetapika dola haikuwa ndoto ya mlevi. Ilikuwa habari.

Kazi yenyewe aliifanya karibu yote peke yake. Aliandika, alichora, alisimamia uchapaji, na vijarida vikaingia mikononi mwa wachuuzi wa mitaani na sokoni. Hakungoja mchapishaji wa Ulaya amkubali wala wizara imfadhili. Aliandika Kilingala cha mtaani, si Kifaransa cha shuleni, na aliyejua kusoma angeweza kumsomea asiyejua. Mada zake zilikuwa zile ambazo watu huzizungumza wakisubiri maji kwenye bomba: wake wenza, wachawi ndani ya ukoo, wafu wanaorudi kudai haki zao, mali isiyojulikana ilikotoka. Kwa sababu nguvu za giza na njaa ya kawaida vilikaa ukurasa mmoja, ni vigumu kusema kama huyu alikuwa mwandishi wa mambo ya kutisha au mwanahabari.

Vijarida havikuwa kitu kigeni Kinshasa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 jarida la Jeunes pour Jeunes lilikuwa na katuni zake na wasomaji wake vijana. Na huku kwetu, Watanzania wa rika fulani hawahitaji kuelezwa jarida la Sani, lililoanzishwa na Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, wala katuni za Chakubanga za Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Hao walikuwa na ofisi, mhariri na siku ya kutoka. Papa Mfumu'eto alikuwa na jina lake tu na miguu ya wachuuzi.

Ipo njia nyingine ambayo Mkongomani mwenye kipaji angeweza kuifuata, na Barly Baruti, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959, aliifuata kwa heshima kubwa. Vitabu vyake vilichapishwa Ulaya, vina rangi na majalada magumu. Katika Madame Livingstone, alichokichora kwa hadithi aliyoshirikiana na Christophe Cassiau-Haurie, rubani wa Kibelgiji anafika Ziwa Tanganyika wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia kuitafuta meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Meli hiyo wengi tumepanda au tumeiona: ndiyo Liemba ya Kigoma. Mwaka 2015 Liemba hiyohiyo iliwachukua maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga. Msomaji wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, angekuwa na mengi ya kusema juu ya kitabu hicho, kama kingemfikia na kama angemudu bei yake.

Dzaleka ipo wilaya ya Dowa, kaskazini mwa Lilongwe. Zamani ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa Rais Kamuzu Banda. Tangu 1994 ni kambi ya wakimbizi. Ilipangiwa watu elfu kumi na ushei, leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka mashariki mwa Kongo, na wengine kutoka Burundi na Rwanda. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, kanisani, kwenye mpira na kwenye ugomvi. Mwaka 2014 mshairi Mkongomani Trésor Nzengu Mpauni, anayejulikana zaidi kwa jina la Menes la Plume, alianzisha hapo Tamasha la Tumaini, ambalo huwatoa watu Lilongwe na kuwaleta kambini kusikiliza muziki, kutazama ngoma na michoro, na kulala katika nyumba za wakimbizi kama wageni. Ni jambo kubwa. Mtu anayeishi kwa msaada anakuwa mwenyeji anayemkaribisha mgeni mezani.

Kwa hiyo mikono ya kuchora ipo, hadithi zipo, na lugha inayosomwa na wote ipo. Mahitaji mengine ya kijarida kama cha Papa Mfumu'eto ni madogo: kalamu, karatasi, mashine ya fotokopi, na pini za kubania. Ugumu uko kwenye kitu ambacho Kinshasa ya mwaka 1990, pamoja na dhiki zake zote, ilikuwa nacho. Mchuuzi wa Kinshasa alikuwa na ruhusa ya kutembea.

Malawi inawataka wakimbizi wakae kambini. Kwa miaka mingi sharti hilo halikusimamiwa kwa ukali, na wengi walifungua maduka mijini na katika senta za vijijini. Machi 2023 serikali ikatoa amri warudi, na kuanzia Mei polisi wakaanza kuwakusanya Lilongwe na kwingineko, watoto wakiwamo. Maduka yakafungwa. Tazama ramani kwa jicho la muuza vijarida: barabara kuu ya M1 inateremka kutoka upande wa Dowa, inapita katikati ya Lilongwe, inafika Nathenje, senta yenye soko upande wa kusini, halafu inaendelea kuelekea Dedza. Ni njia nzuri kabisa ya kuuzia karatasi za kusomwa. Mwenye hadithi haruhusiwi kuifuata bila kibali.

Vijarida vya Papa Mfumu'eto vyenyewe vimesafiri kuliko vilivyotazamiwa. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt alivikusanya na kuandika juu yake, na leo nyaraka za mchoraji huyo zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Florida, mjini Gainesville. Mwaka 2015 kazi zake zilikuwa Paris, kwenye maonyesho ya Beauté Congo ya Fondation Cartier, ambapo sanaa ya Kongo ya tangu 1926 ilitundikwa chini ya dari moja. Bila watu waliojali kuvihifadhi, karatasi za aina ile zingekwisha kwa kufungia karanga, na watu hao wanastahili shukrani. Hata hivyo inauma kwamba mtafiti wa Florida ana nafasi nzuri zaidi ya kuketi na chatu yule kuliko mjukuu wa mtu aliyemnunua kwa mchuuzi.

Na yule msichana je? Katika mazungumzo yote juu ya Mobutu, dola na uchawi, yeye ndiye asiyetajwa. Je, kijarida kilikuwa kinamwonya, au kinamlaumu kwa kupenda viatu vizuri vya mwanamume? Wasichana waliokisoma walicheka, au waliogopa kwenda nyumbani? Mwanamke anayefika Dzaleka baada ya kupita mikononi mwa wenye silaha na wenye vibali anazijua hesabu za aina hiyo kwa namna ambayo mchoraji mwanamume hawezi kuzijua. Angepewa kalamu, chatu angemchora na sura ya nani?

Siku za Tamasha la Tumaini, Lilongwe huja yenyewe hadi mlangoni, na meza ya vijarida ingepata wateja. Tamasha lina siku zake chache. Baada ya hapo, nani atavibeba hadi Nathenje, na askari wa kizuizini akimuuliza vimechorwa na nani, atajibu nini?