Kwa Nini Bei ya Kadi za Wachezaji Hupanda na Kushuka?

Pengine umeona mtandaoni kadi ndogo yenye picha ya mchezaji ikiuzwa kwa bei ya shamba. Hayo hutokea kweli. Agosti 2022, huko Marekani, kadi ya mchezaji wa besiboli Mickey Mantle, iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6. Lakini kabla hujatuma pesa ununue yako, tuangalie kinachopandisha na kushusha bei hizi.

Uhaba. Kadi kuwa ya zamani haitoshi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, kampuni zilichapisha kadi nyingi kupita kiasi. Watu waliziweka wakingoja utajiri, na leo nyingi hazina bei ya maana.

Hali ya kadi. Kampuni kama PSA hukagua kona, kingo na uso wa kadi, kisha huipa alama, ya juu kabisa ikiwa 10. Kadi mbili za mchezaji yuleyule, za mwaka uleule, zinaweza kupishana bei mbali sana kwa sababu ya alama tu.

Mchezaji mwenyewe. Aking'ara, kadi yake inatafutwa. Akiumia au akipoteza namba kwenye timu, wanunuzi wanahama. Kobe Bryant alipofariki Januari 2020, bei za kadi zake ziliruka ghafla.

Pesa mifukoni mwa watu. Wakati wa korona soko lilichemka hadi PSA, Machi 2021, ikasimamisha kwa muda kupokea kadi nyingi kwa sababu ya mrundiko. Baadaye soko likapoa, na wengi walionunua bei ikiwa juu wakabaki na hasara.

Sasa, wewe ufanye nini? Kumbuka bei anayotaja muuzaji ni ombi lake tu. Thamani ni kile ambacho mtu amelipa kweli. Kwa hivyo tafuta mauzo yaliyokamilika ya kadi ileile, yenye alama ileile. Hakiki namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni iliyoikagua. Ukiambiwa "tuma sasa hivi, kuna mwingine anaitaka," usikimbizwe. Pesa ikishafika kwa tapeli na akaitoa, kuirudisha ni shida.

Na ukiamua kununua, tumia hela ambayo hata ikipotea, karo na kodi ya nyumba zitalipwa.