Bei ya Ree Nne

Karata 52 zinaweza kupangika kwa namna nyingi kiasi kwamba idadi yake ni 8 ikifuatwa na tarakimu nyingine 67. Mchezaji wa poka anayetaka ree zote nne zimwangukie yeye ana njia mbili: angoje bahati, au ajifunze kuzipanga huku wenzake wakiona anachanga tu. Bei ya bahati inajulikana. Mikono ya karata tano iko 2,598,960, na yenye ree nne ni 48, yaani mmoja kati ya 54,145. Meza ikigawa mara 20 kwa saa, hizo ni saa 2,707 kwa mkono mmoja wa aina hiyo, kwa wastani. Bei ya njia ya pili inahitaji hesabu ndefu zaidi.

Njia hiyo ni kupukutisha. Mchangaji hukata pakiti katikati, hushika kila nusu kwa mkono wake, hupinda ncha kwa vidole gumba, kisha huziachia karata zidondoke zikiingiliana. Kwa mtu wa kawaida mbili huanguka hapa, moja pale, tatu kule.

Mwaka 1992 Dave Bayer na Persi Diaconis walichapisha hesabu ya jinsi uzembe huo unavyofuta mpangilio wa awali. Kipimo chao ni umbali kati ya pakiti iliyochangwa na pakiti iliyochanganyika kabisa: 100% ni mbali kabisa, 0% hakuna tofauti tena. Baada ya kupukutisha mara 4, umbali bado ni 100% kwa ukadiriaji. Mara 5 ni 92.4%, mara 6 ni 61.4%, mara 7 ni 33.4%, mara 8 ni 16.7%. Watu wengi wameshika saba kama namba ya usalama, ingawa theluthi moja si sifuri. Na wachezaji wengi ninaowaona huchanga mara mbili au tatu, wakagawa.

Dhana iliyo chini ya hesabu hiyo ndiyo ya kuangaliwa. Inamchukulia mchangaji kuwa mtu asiyekusudia kitu. Kwa mkono wa namna hiyo, kupukutisha mara moja kunaweza kuleta mipangilio 4,503,599,627,370,444. Kwa fundi wa faro, yaani anayezipishanisha moja kwa moja bila kukosea, upo mpangilio mmoja tu, aliouchagua mwenyewe. Akianza kwa karata ya juu kubaki juu, na akirudia mara 8, pakiti yote inarudi kama ilivyokuwa. Mara saba za mzembe zinaharibu mpangilio. Mara nane za fundi zinaurudisha ulivyokuwa. Diaconis aliyajua haya kwa vidole kabla ya kuyajua kwa hesabu: akiwa na miaka 14 aliondoka nyumbani New York kumfuata mwanamazingaombwe Dai Vernon.

Sasa ree. Ziweke nne juu ya pakiti, upukutishe faro mara moja, karata ya juu ikiingia ya pili. Ree zinakaa nafasi ya 2, 4, 6 na 8: katika mchezo wa watu wawili zote zinamwendea mgawaji. Rudia, zinakuwa 4, 8, 12 na 16, meza ya watu wanne. Mara ya tatu inafaa watu wanane. Kwa watu watano au sita faro pekee haitoshi. Hapo fundi huziachia ree moja moja na kuhesabu kwa kidole gumba karata za kuifunika kila moja: meza ya sita inadai karata tano juu ya kila ree, jumla 20, bila kutazama.

Usahihi ndio ghali. Tuseme kila hesabu ya kidole gumba inafaulu mara 90 kwa 100. Hesabu nne mfululizo zinafaulu mara 65.6. Faro ni kali zaidi: mara nane zina karata 208 za kuingiza mahali pake. Usahihi wa 99% kwa kila karata unatoa ufanisi wa 12.4% tu, wa 99.9% unatoa 81.2%.

Tuiweke kwa shilingi. Saa moja ya mazoezi kila siku kwa miaka mitatu ni saa 1,095. Ukiithamini saa kwa shilingi 2,000, ni 2,190,000. Pakiti moja ya shilingi 5,000 kila wiki mbili ni pakiti 78, yaani 390,000. Jumla ni 2,580,000. Bei hizi ni makisio yangu, na mwenye saa ya shilingi 1,000 atalipa 1,485,000. Miaka mitatu nayo ni makisio. Wapo watakaohitaji zaidi.

Hesabu hiyo yote bado haijagusa mkono wa jirani anayekata. Ree ziko 6, 12, 18 na 24, meza ina watu sita. Jirani anakata katikati, karata 26. Ree zinahamia nafasi ya 32, 38, 44 na 50. Karata zinazogawiwa mwanzo ni 30. Hakuna ree hata moja inayomfikia mtu yeyote, na jirani hakulipa hata senti.

Kwa hiyo fundi anahitaji ujuzi wa pili, wa kulifuta kato bila kuonekana. Huo nao ukifaulu mara 90 kwa 100, ile 65.6% inashuka hadi 59%. Jukwaani, mwanamazingaombwe aliyekosa hugeuza mchezo akaendelea na mwingine. Mezani, kushindwa mara 41 kwa 100 kunafanyika mbele ya watu walioweka fedha zao, na kufaulu mara mbili usiku mmoja, kwa jambo la mara moja kati ya 54,145, kunatosha kuwafanya waombe pakiti mpya.