Saratani ya Damu: Tusingoje

Mtu akishikwa na homa huku Nyeri au Karatina, twasema, "Ni baridi ya mlima tu," ama "Ni taifodi." Lakini homa ikirudi-rudi, viganja vikapauka na fizi kutoka damu, yaweza kuwa saratani ya damu. Huanzia ndani ya uboho wa mifupa, kwenye chembe mama zinazozaa damu.

Ndani ya chembe mna maikro-RNA, vipande vidogo mno vinavyofanya kazi kama breki ya matatu: hupunguza mwendo wa jeni. Mwaka 2002 watafiti huko Marekani waligundua kwamba katika saratani moja ya damu ya watu wazima, breki mbili hizo mara nyingi hukosekana. Huenda kesho zikasaidia kutambua ugonjwa mapema. Leo, tuanze na hesabu kamili ya damu. Jamani, mwulizeni daktari!