Watoto Waliofunga Barabara

Paukwa! Pakawa!

Sogeeni, wajukuu zangu. Leo Sungura na Fisi wapumzike. Nawasimulia habari za watoto wa rika lenu, watoto wa Amsterdam, kule Uholanzi.

Waholanzi ni watu wa baiskeli tangu zamani. Lakini baada ya Vita vya Pili vya Dunia walipata fedha, wakanunua magari. Magari yakaongezeka, barabara zikapanuliwa, baiskeli zikasukumwa pembeni. Mwaka 1971 pekee ajali za barabarani ziliua watu zaidi ya 3,000, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto.

Huko Amsterdam kuna mtaa wa De Pijp, nyumba zake zimebanana. Magari yalijaa pande zote mbili za njia, hapakuwa na pa kupigia hata mpira. Mwaka 1972 watoto wa hapo walichoka. Wakakusanya saini, kisha wakaweka vizuizi barabarani ili wapate pa kucheza. Madereva wengine wakaja juu, wakaviondoa. Watoto hawakukata tamaa.

Wazazi nao wakaandamana. Chama chao kiliitwa Stop de Kindermoord, yaani “Komesheni mauaji ya watoto”. Mwishoni mwa 1973 mafuta yakaadimika, serikali ikakataza magari siku za Jumapili. Barabara kuu zikawa kimya, watu wakazitembea kwa miguu na baiskeli. Wakaona kwa macho yao kwamba mji unaweza kuishi bila msururu wa magari.

Basi miji ikaanza kupangwa upya. Baiskeli zikajengewa njia zake, mbali na magari. Katika mitaa mingi ya makazi gari likaamriwa kwenda mwendo wa mtu anayetembea. Leo Uholanzi ina baiskeli nyingi kuliko watu, na wanaokufa barabarani kwa mwaka hawafiki 1,000.

Wajukuu zangu, barabara haikushuka kutoka mbinguni. Watu waliipanga, na watu wanaweza kuipanga upya. Kesho mkienda shule, tazameni: mwenye miguu ametengewa wapi pa kupita? Mkikuta hana, msinyamaze. Mwambieni mwalimu, mwambieni mzazi, mfikieni mwenyekiti wa mtaa. Barabara ni ya gari, na ni yenu pia.