Ebola ipi? Ugumu wa kuvigawa virusi katika spishi

Ikitangazwa redioni kwamba Ebola imezuka, aghalabu swali la kwanza nyumbani huwa: "Si kuna chanjo?" Kabla ya kujibu, yapasa kuuliza: ni Ebola ipi?

Kwa wanyama, kutenganisha spishi ni rahisi kiasi. Farasi na punda wakipandana huzaliwa baghala, naye kwa kawaida hazai. Hapo tunajua kuwa wazazi wake ni spishi mbili. Virusi havina dume wala jike. Kirusi huingia ndani ya seli ya kiumbe hai na kujinakili humo, na katika kunakili hutokea makosa madogo madogo, ambayo hulimbikizana mwaka hadi mwaka. Je, tofauti zikifika kiasi gani ndipo tuseme hiki sasa ni kirusi kingine? Jibu hutokana na makubaliano. Kamati ya Kimataifa ya Uainishaji wa Virusi ndiyo inayoamua, na leo hutazama zaidi tofauti za vinasaba.

Dalili pekee hazitoshi. Mwaka 1976 homa kali ilizuka karibu wakati mmoja huko Yambuku, Zaire (sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), na Nzara, kusini mwa Sudan ya wakati huo. Mwanzoni ilidhaniwa ni mlipuko mmoja. Baadaye ikabainika kuwa ni virusi viwili tofauti, vikaitwa Zaire na Sudan. Kirusi cha Reston nacho, kilichogunduliwa mwaka 1989 kwa kima waliopelekwa Marekani kutoka Ufilipino, ni ndugu yao kwa vinasaba, lakini watu walioambukizwa hawakuugua.

Kutoijua aina kuna hasara. Mwaka 2007, katika wilaya ya Bundibugyo, Uganda, vipimo vya vinasaba vya aina zilizojulikana havikukitambua kirusi mwanzoni, kwa kuwa kilikuwa kipya. Chanjo ya Ervebo, iliyoidhinishwa mwaka 2019, ni ya aina ya Zaire tu. Aina ya Sudan ilipozuka Uganda Septemba 2022, chanjo hiyo haikufaa. Kati ya wagonjwa 142 waliothibitishwa, 55 walifariki.

Hivyo basi, uliyechanjwa usijione salama kwa kila mlipuko. Sikiliza ni aina gani iliyotangazwa. Lakini kinga ya nyumbani haingoji jina. Aina zinazowaua watu huambukiza kwa njia moja: kugusa damu, matapishi, kinyesi na majimaji mengine ya mgonjwa au maiti. Nawa mikono kwa sabuni, mwahishe mgonjwa hospitali, wala usimhudumie kwa mikono mitupu. Akifariki, msimwoshe wenyewe. Waiteni wahudumu wa afya, mkubaliane nao namna ya kumsitiri maiti kwa heshima bila kuhatarisha walio hai.